Mwosha Hasemi

Jumatatu, 3 Juni 1957. Iringa

Kaptula kumi na mbili za matarishi wa boma. Tisa zimekwisha. Kaki ya safari hii ngumu, imenivunjia sindano mbili. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya cherehani. Mke wangu anasema nivae sweta. Linabana makwapa. Alilifuma yeye, kwa hiyo nimenyamaza.

Yusufu wa Bi Zuhura bado yuko mahabusu. Siku ya tano leo. Polisi wanasema kaiba bunduki ya boma. Yusufu ni dereva wa lori, anasafirisha mahindi. Bunduki ya nini?

Alhamisi, 6 Juni

Yusufu amekufa. Boma wamesema homa ya mapafu. Wamemleta Kihesa kwa mama yake saa nne asubuhi, kafungwa blanketi la polisi, wakatuambia tuzike leoleo. Hawakuwa na haja ya kutuambia. Sisi Waislamu maiti hatumlazi.

Tumemwosha wawili, mimi na Mzee Rajabu, kama miaka yote. Yeye humwaga maji, mimi hupitisha mkono. Pazia pande zote.

Naandika, maana daftari halina mdomo. Nyayo zimeungua, zote mbili. Kucha tatu za mkono wa kulia hazipo. Viwiko vizima, lakini vifundo vya mikono vimekatwa na kamba. Mbavu za kushoto zinabonyea. Sijawahi kuona homa inayong'oa kucha.

Rajabu aliona. Kata yake ilikosa mwili, maji yakanimwagikia miguuni.

Alasiri tukazika. Koplo mmoja alisimama mbali na makaburi mpaka udongo wa mwisho.

Ijumaa, 7 Juni

Kosa letu nimeliona leo, baada ya sala. Tungemwita daktari wa misheni kabla ya kuzika. Hata kwa saa moja. Lakini nani hapa kwetu amewahi kumwitia maiti daktari? Tulikimbilia kumsitiri Yusufu, tukamsitiri pia aliyemuua.

Sasa walioona ni wawili tu. Na mwosha hasemi. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na tisa: ukiona jambo kwenye mwili wa maiti ukalitoa nje, umemvua nguo mbele za watu.

Jumatano, 12 Juni

Bunduki imepatikana. Haikuibwa. Ilikuwa Mbeya kwa fundi, ilipelekwa kutengenezwa, na karani aliyeipeleka alikuwa likizo. Mji mzima unajua. Nina hasira mpaka nimeshona mfuko wa suruali kinyume.

Jumatatu, 17 Juni

Watu wameanza kukaa mbele ya boma. Hawapigi kelele. Wanakuja jua likichomoza, wanakaa chini, adhuhuri wanaondoka. Waislamu na Wakristo. Wahehe wa milimani wameacha kupeleka maziwa na kuni kwenye nyumba za mabwana. Nilimkuta sokoni mpishi wa Inspekta wa polisi, na kikapu kitupu. Akina mama wanamwambia vitunguu vimekwisha, naye anaviona.

Wanataka jambo moja. Inspekta aliyemhoji Yusufu afikishwe mbele ya hakimu. Barua imekwenda kwa Gavana, na alama za vidole kurasa sita.

Mimi sijaenda kukaa. Nina kaptula za boma.

Naona aibu kidogo. Si kidogo.

Jumapili, 23 Juni

Bi Zuhura alikuja. Nilimpa kiti, akakaa kizingitini. Akauliza mwanawe alikufaje. Nikasema kazi ya Mungu. Akauliza kama uso wake ulikuwa umetulia. Nikasema ulitulia.

Miaka ishirini na tatu naosha. Sijawahi kumdanganya mfiwa kabla ya leo.

Jumatano, 26 Juni

Nilimwendea maalimu wa msikiti. Akasema sitara ya maiti ni amana. Nikamuuliza, na kama yale ya mwilini kafanyiwa na mtu? Akasema hilo hajawahi kuulizwa. Halafu akauliza habari za kanzu yake.

Nikapita dukani kwa Rajabu. Hata salamu hatujamaliza, akaniwahi: "Fundi, mimi sikuona kitu. Macho yangu mabovu. Na wewe kumbuka, mwosha huoshwa." Leseni ya duka lake inatolewa boma, na inaisha mwezi huu. Simlaumu.

Namlaumu.

Jumanne, 9 Julai

Idi. Tumesali uwanjani. Baada ya hotuba watu hawakwenda kuchinja. Walielekea boma na kanzu zao, polepole, kama wanaosindikiza jeneza. Nusu ya kanzu zile nimezishona mimi. Nikawafuata. Nilijiambia naenda kuangalia pindo zinavyokaa. Nikajikuta nimekaa chini pamoja nao, kanzu mpya, vumbini.

Inspekta alitoka barazani, akatutazama, akarudi ndani. Alionekana mdogo. Nilifurahi, na furaha ile haikuwa nzuri.

Jumamosi, 13 Julai

Serikali imekubali uchunguzi wa kifo. Lakini hakimu atakaa Mbeya, si hapa. Wanadhani Mbeya ni mbali. Watu wamekodi malori matatu.

Kaburi lisifukuliwe, Bi Zuhura amekataa katakata. Daktari wa serikali amekwisha andika homa. Kwa hiyo hakuna ushahidi ila macho yetu wawili. Na Rajabu macho yake mabovu.

Bi Zuhura alirudi asubuhi. Safari hii hakuuliza. Alisema, "Fundi, najua unaficha aibu ya mwanangu. Mwanangu hana aibu pale. Aibu ni ya wale waliomfanyia vile. Hiyo unawafichia wao." Akanywa chai yake, akaaga.

Mke wangu alikuwa jikoni, alisikia yote. Alikuja akaliweka lile sweta juu ya cherehani. Mbeya baridi, alisema.

Alhamisi, 18 Julai. Mbeya

Njiani siku mbili. Tulilala Rujewa kwa shemeji wa dereva, tukala wali na maziwa ya mgando. Mbeya asubuhi majani meupe kwa baridi. Sweta linabana, lakini nimelivaa.

Nimetoa ushahidi. Nyayo, kucha, vifundo, mbavu. Nilivitaja kwa mpangilio wa kuosha, sikujua mpangilio mwingine. Mkalimani alivigeuza Kiingereza bila kubadili sauti. Bi Zuhura alikuwa mstari wa mbele. Nilipofika kwenye kucha nilitazama sakafu.

Wakili wa Inspekta akauliza kama dini yangu hainikatazi kusema haya. Nikasema inanikataza kutoa aibu ya maiti. Haya si ya maiti. Akauliza kwa nini basi nimekaa kimya wiki sita. Nikajibu woga, nina kazi ya boma. Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Sikuwa nachekesha.

Rajabu aliitwa baada yangu. Akasema yeye alimwaga maji tu. Hakunitazama.

Ijumaa, 19 Julai. Mbeya

Hakimu amesema Yusufu alikufa kwa kuteswa akiwa mikononi mwa polisi. Inspekta na yule koplo wa makaburini washtakiwe. Amesema pia kwamba kesi hii isingefika kwake kama watu wa Iringa wangebaki majumbani. Bi Zuhura hakulia. Aliomba maji ya kunywa.

Nje watu wa Mbeya wasiotujua walituletea chai na mihogo.

Alhamisi, 1 Agosti. Iringa

Tarishi wa boma alikuja kuchukua kaki yote, hata vipande; kazi ya boma nimenyang'anywa. Alikuwa amevaa kaptula niliyoshona mimi. Alinong'ona, "Fundi, usinichukie." Kwa nini nimchukie? Nilimkunjia mzigo vizuri.

Jumatano, 28 Agosti

Hukumu. Inspekta miaka mitatu, koplo mmoja na nusu. Watu walitaka zaidi. Mimi pia. Lakini bwana wa boma kusimama kizimbani kwa ajili ya mtoto wa Kihesa, hilo hatujawahi kuliona. Akina mama wameanza tena kuuza vitunguu.

Misiba miwili mwezi huu. Sikuitwa kuosha hata mmoja. Kwenye wa pili nilikaa mkekani na wengine. Hakuna aliyenitolea neno baya. Mwenye msiba alinipa uji mimi wa kwanza. Lakini kata ya maji alimpa mwingine. Wananipenda, ila maiti wao hawaniachii. Imeniuma kuliko kaki.

Jumanne, 17 Septemba

Mzee Rajabu mgonjwa, miguu imevimba. Alituma niitwe. Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Leseni yake alipewa, duka limejaa sabuni, mwenyewe hawezi kufika kaunta.

Alisema amewaambia wanawe nimwoshe mimi. Wamekataa, wanaogopa maneno ya watu, kawafokea mpaka kakohoa damu. "Wewe unajua la kusema na la kuacha," akasema. Nikamwambia atapona. Akasema nisijaribu kudanganya, uongo siuwezi. Tulicheka kidogo. Kisha akalala, nikakaa hapo mpaka magharibi.

Jumamosi, 21 Septemba

Mzee Rajabu amefariki alfajiri. Nimemwosha.

Mwanawe mkubwa alimwaga maji. Mkono wake mwepesi, atajifunza. Nilipomgeuza baba yake tuliona kitu mgongoni, cha zamani sana, tangu ujana wake. Miaka yote tumefanya kazi pamoja, hakuwahi kuniambia. Kijana akanitazama. Nikamwashiria aendelee kumwaga maji.

Ni chake. Sikiandiki.

Nje walikuwa wanangoja, uani pamejaa. Nikafungua pazia, nikawaambia mzee yuko tayari.