Shahidi wa Atorni

Carrollton, Texas
12 Juni 2005

Kaka yangu Elibariki,

Shikamoo kaka. Natumaini u mzima, na wifi na watoto hawajambo. Huku joto limeanza kutuchoma, lakini nadunda. Barua yako nimeipata, pamoja na ile hati ya kiapo unayotaka niitie saini. Umesema kura za maoni za ubunge ziko karibu, na rufaa ya jirani yetu Sospeter, aliyefungwa maisha kwa kumuua Leonce, itasikilizwa kabla ya hapo. Nikiapa tena kwamba siku ile ulikuwa kitandani na malaria, jina lako litabaki safi. Umenikumbusha kuwa damu ni nzito kuliko maji. Haya, nimekusikia. Nisikilize na mimi kwanza, nikueleze habari za mzee niliyekuwa nikimtunza.

Ni Mfilipino, Policarpio Dagsaan, na nyumba nzima humwita Atorni kwa kuwa ni mwanasheria. Ujanani alikuwa bingwa wa ngumi chuo kikuu, kisha akawa mbunge wa jimbo lake miaka thelathini. Ungempenda, kaka. Picha zake zimejaa ukutani, mkanda wa ubingwa, joho, umati unaomshangilia. Sasa anaishi kwa binti yake Natalia. Akili imempotea, lakini mikono, jamani, haijapotea.

Kila asubuhi nikimwogesha alinigeuza shahidi. Aliniuliza siku ile Atorni alikuwa wapi, nami sharti nijibu alikuwa ulingoni, anafundisha vijana. Nani alimwona? Mimi, nilimpelekea maji. Nikikosea neno moja, kofi. Natalia aliniambia ni uzee tu, nimjibu anavyotaka. Mwezi wa tatu nilichoka, nikamwambia mimi sikuwepo, aniache nimsugue mgongo. Weee! Ngumi ilinikuta kwenye taya, jino langu nikaliokota kwenye povu. Kisha akanieleza kwa upole kabisa kwamba siku ile yeye mwenyewe alimvunja mbavu kwa ngumi kijana aliyebandika mabango ya mpinzani wake, halafu akamkanyaga koo mpaka akanyamaza, kwa hiyo shahidi hana ruhusa ya kukosea. Nilidhani ni maneno ya mgonjwa.

Mwezi uliopita watu wa jimbo lake wanaoishi Houston wakamwandalia karamu ya heshima. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, na watu mia mbili wakasimama kumpigia makofi. Bibi mmoja mfupi hakusimama. Makofi yalipoisha alikuja mpaka mbele yetu, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni Celestine, aliyekuwa mpishi wake, na kwamba siku ile hakupeleka maji ulingoni kama alivyoapa mahakamani, wala Atorni hakuwepo huko. Hakumaliza. Mzee ambaye hajainuka peke yake tangu Krismasi aliinuka, akampiga ngumi ya pua. Nilisikia mfupa ukivunjika. Alipoanguka akamwongezea teke la tumbo. Na unadhani watu walimkimbilia nani? Mzee! Wakamletea maji ya kunywa, huku wakimkemea bibi kwa kumchokoza mgonjwa.

Mimi nilipiga magoti nikamkandamiza bibi pua kwa kitambaa cha meza, damu ikapenya mpaka viganjani. Nilimwuliza kwa nini alidanganya mahakamani. Akasema alipigwa siku tatu ndipo akakubali, na miaka yote amekuwa akiwaambia watu alifanya vile kwa kumpenda bosi wake, maana kusema alimpenda kulimpa aibu ndogo kuliko kusema alimwogopa.

Kaka, nililia palepale sakafuni, nikashindwa kunyamaza. Mimi nami nilimwambia mchungaji, nikamwambia Mama, nikajiambia mwenyewe, kwamba nilikutetea kwa mapenzi ya ndugu. Uongo mtupu. Nilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Nilikuona ukimponda Leonce kwa jiwe kwa sababu ya bango lako la kampeni lililochanwa. Aliacha kujikinga, nawe ukaendelea. Uliponiona ulinikaba shingo kwa mikono ile ile yenye damu, ukaniuliza wewe siku ile ulikuwa wapi, ukakaza mpaka nikajibu, kitandani, malaria. Nilikuogopa. Hakukuwa na mapenzi yoyote pale.

Hati yako nimeichana. Nimeandika yangu, nikala kiapo benki mbele ya mama mmoja anayeshuhudia viapo na kugonga mihuri, na nimeituma kwa njia ya haraka. Wakili wa Sospeter atakuwa ameshaisoma kabla hujafungua bahasha hii. Nimeandika yote, hata habari ya shingo yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yetu imekwenda miaka mitano, na Sospeter ndiye aliyekaa ndani.

Mama nimeongea naye kwa simu, anajua kila kitu. Yuko kwa mama mdogo Prudensia, na wajomba wapo hapo, kwa hiyo usimfuate. Wasalimie watoto. Wifi mwambie namwombea, yeye anajua kwa nini.

Kazi kwa Natalia nimeacha na nyumba nimehama. Usihangaike kugeuza bahasha, anwani yangu sikuiandika. Mungu akusamehe, kaka, mimi bado sijaweza.

Mdogo wako, ambaye mpaka leo anakuogopa,
Ndeshi