Mara ya Tatu

Shiraz, 4 Mehr

"Kwetu kila mtu yuko tayari kufa kwa ajili ya kila mtu, na hafi mtu." Ndivyo ulivyoniandikia, Golnar, ini langu, hata kabla ya kuniuliza hali. Mimi sijambo. Nawe? Na mumeo Mikael? Vizuri. Sasa tugombane.

Unamcheka Nosrat mwokaji kwa sababu nikimwuliza bei hujibu kwamba mkate wake si kitu mbele yangu, tena mara mbili, kisha mara ya tatu hupokea pesa. Unaita unafiki. Mimi naita kutazamana machoni kabla pesa haijapita. Huko kwenu mashine ya kulipia inalia mlio mmoja, nanyi mnasema huo ndio ukweli!

Tulipomzika mama yako, jirani yetu Effat aliniambia, "Huzuni hii iwe ya mwisho kwako." Alijua haiwezekani. Nami nilijua. Kisha akakunja mikono ya gauni, akaosha masufuria yote ya wali wa matanga. Nionyeshe uongo uko wapi hapo.

Upasuaji wangu ni wiki ijayo. Kama uvimbe kwenye ini ni saratani, tutajua. Uliuliza kwa simu kama uje, nikakataa. Ukauliza tena, nikakataa. Nakataa tena: usijisumbue, una kazi.

Nife mimi badala yako,
Baba yako

Gothenburg, 11 Mehr (bado nahesabu miezi yetu)

Shikamoo Baba. Sisi wazima, ila usingizi hauji.

Unasema maneno yetu yana uzito. Basi nimeyapima. Kukataa kwa kwanza ni adabu, kwa pili ni adabu, kwa tatu ndiyo jibu. Hata Nosrat anaijua hesabu hiyo. Umekataa mara tatu. Siji. Nalia jikoni, Mikael ananiuliza kwa nini nisipande ndege tu, nami sijui nimweleze vipi kwamba baba yangu amenikataza kwa taratibu zote.

Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Shiraz, 9 Aban

Golnar, ini langu, salamu. Mshono umekauka, nakula, natukana redio. Na si saratani! Ulikuwa mfuko wa maji tu, mkubwa kama chungwa. Daktari aliponiambia nililia kama mtoto, halafu nikambishia kuhusu supu ya hospitali.

Nisamehe ukimya wa mwezi mzima. Sikutaka uone mwandiko wa mgonjwa kwenye karatasi.

Nilipozinduka kwenye dawa ya usingizi, nesi alinisikia nikisema, "Nafasi yake ni tupu."

"Ya nani, baba?"

"Ya binti yangu. Msomi, lakini hajui kuhesabu."

"Ulimwita?"

"Nilimwambia asije."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akacheka mpaka akashika kitanda. "Basi hesabu ndiyo iliyokushinda wewe, mzee!"

Alisema kweli. Mara mbili za kwanza zilikuwa adabu. Ya tatu ilikuwa woga: sikutaka unione nimelala chali na mipira puani. Adabu yetu haina kosa. Mimi ndiye niliyejificha nyuma yake, na hilo usilitumie dhidi ya Nosrat.

Sasa sikilizeni, wewe Golnar na wewe Mikael unayedhani "asante" inatosha. Karibuni, hatua zenu ziko juu ya macho yangu. Kateni tiketi leo. Na asithubutu mmoja wenu kukataa kwa adabu, hata mara moja.

Baba yenu