Kiazi cha Kirema

Mama Kendi, mwalimu wangu,

Muga. Nakusalimu kabla hujachukua kalamu nyekundu. Iweke chini kwanza, usome kama mke, ukimaliza ndio usome kama mwalimu. Habari za hapo Mitunguu? Zamu ya maji ya mradi bado mnaipata, ama jirani wa juu ameanza tena kuziba mfereji? Goti la mama linaendeleaje? Na Kendi, bado anaficha viatu vya shule asubuhi akitaka kubaki nyumbani na nyanya yake?

Mimi ni mzima. Joto la nje huku halisemeki, lakini kazi yangu iko ndani ya stoo ya barafu, kwa hivyo nashinda nimevaa jaketi zito kama mtu anayepanda Mlima Kenya, nikiendesha foklifti katikati ya maboksi ya kuku. Nikitoka nje miwani inajaa ukungu, inabidi nisimame mlangoni mpaka nione ninakokwenda. Mwili uko sawa, chakula kipo, mshahara unaingia.

Barua hii utaletewa na Shabani, ambaye nimekaa naye chumba kimoja muda wote huu. Ni mtu wa Majengo, pale Meru mjini. Baba yake ana bucha karibu na msikiti. Amemaliza kazi, anarudi kuoa. Mpe chai na umpe ndizi za kubeba, lakini usimruhusu akuhadithie kilichomo humu, maana anakijua chote na mdomo wake haufungi.

Nimeandika kwa sababu ya ile simu. Uliniuliza, "Baba Kendi, umemaliza kitabu? Umekionaje?" Nikasema, "Kizuri." Halafu ukasema stima inakaribia kukatika, ukaaga. Mtu amekaa miaka akiandika usiku mtoto akiwa amelala, ametoa kitabu kinene kama tofali, tena ati ni cha kwanza tu na vingine vinakuja, halafu mume wake anampa neno moja. Hata mimi ningekata simu.

Sasa nikuambie kilivyosomwa. Ijumaa hatuendi kazini, kwa hivyo ndiyo ilikuwa siku ya kitabu. Shabani ndiye aliyesoma kwa sauti, kwa kuwa Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani. Mimi nilijaribu ukurasa mmoja, Bahati akasema nasoma kama mtu anayepasua kuni. Huyu Bahati ni Mtanzania wa Tanga, mwenzetu wa tatu chumbani. Ndiye anayetupikia, na kwa hiyo anaona ana haki ya kubishana na kila kitu.

Kubishana kulianza mstari wa kwanza. Ulipotaja nchi ya Irimba iliyo begani mwa mlima, na barafu ya kileleni inayoibwa na watu wasioonekana, Bahati akauliza huo ni mlima gani. Shabani akamwambia ni mlima wa kubuni. Bahati akasema mlima wenye barafu ni Kilimanjaro, na Wakenya wameanza tena. Ijumaa nzima ikaishia hapo.

Lakini Kirema alipomuaga mke wake Tharani, akavuka Bonde la Moshi kwenda kufua vyuma kwa mfalme wa ng'ambo, ubishi ulipungua. Na tulipofika kwenye ile chumvi, kwamba kila anayekula chumvi ya mfalme husahau jina moja la kwao kila mwezi unapoandama, ukaisha kabisa. Bahati alikuwa anakoroga maharagwe. Akaweka mwiko chini, akauliza, "Huyu shemeji ametuona wapi?" Tangu siku hiyo wa kwanza kuuliza kitabu kiko wapi ni yeye.

Najua huko nyumbani wasomaji wako ni wa namna nyingine. Muthomi, yule binamu yangu wa Mikinduri, alinipigia akicheka. Anasema pale wanapofunga miraa watu wamegawanyika, wengine wanashikilia kwamba wale wezi wa barafu ni Watigania na wewe umetumwa na Waimenti kuwatukana. Akakutetea kwamba wewe ni mtu wa Embu, ugomvi wa Meru haukuhusu. Wakamwambia basi hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kendi naye ameniambia juu ya yule mzee wa kanisa anayesema kitabu kina mapepo, na alipoulizwa amefika wapi akasema jalada linamtosha. Ati wanafunzi wako wa kidato cha tatu wanataka Tharani aolewe na mwana wa mfalme. Hao watoto wako uwape kazi nyingi za shule.

Haya yote nilikuwa nacheka nayo, mpaka tukafika mwisho.

Ilikuwa mchana, feni inazunguka, Shabani ameegemea kitanda chake. Akasoma: "Tharani aliamka kabla ya ndege. Akachukua jembe, akaenda chini ya mti wa mkungugu, penye kiazi cha Kirema, akachimba." Akafungua ukurasa uliofuata, akakuta ni mweupe. Akafunga kitabu, akaniangalia mimi.

Bahati akatuangalia sote wawili. "Sasa mbona mmeganda? Mwanamke ana njaa, amechimba kiazi, atapika ale. Mwisho mzuri tu huo."

Shabani akamwambia, "Kwetu kiazi kikuu si kama muhogo. Ni cha mwanamume. Anakipanda mwenyewe, anakitafutia mti wa kupandia, na ni yeye anayekichimba. Mke hakigusi mumewe akiwa hai."

"Na akikigusa?"

"Basi amemzika," Shabani akasema.

Bahati akafunika sufuria, akazima jiko chakula hakijaiva.

Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Mama Kendi, nilikasirika. Nilikaa pale nikisema maneno ambayo siwezi kuandika kwa mwalimu. Halafu hasira ikatoka, ikabaki hofu, na hofu haikutoka.

Maana na mimi nina kiazi. Unakijua. Nilikipanda nyuma ya nyumba chini ya ule mkungugu siku moja kabla ya safari, na wewe ulisimama mlangoni umembeba Kendi ukinicheka, ati mtu ana ndege kesho na bado anachimba mashimo. Nikakuambia njaa ikikushika kula ndizi, hiki kiache mpaka nirudi. Na usiniambie mambo haya hukuyajua. Baba yako ana viazi vyake pale Runyenjes, na nilipokuja kwenu mara ya kwanza ndivyo alivyonionyesha kabla hata ya kunipa kiti. Ule ukurasa uliuandika ukijua unachoandika. Wanafunzi wako watasoma habari ya nchi ya Irimba. Mimi nilisoma barua.

Nikampigia mama. Kumbe Kendi alikuwa amemsomea kitabu chote, jioni baada ya jioni. Nikamwuliza amekionaje. Akasema, "Huyo mwanamke amekosea. Lakini na huyo mwanamume amekaa." Nikamwuliza polepole, kile changu cha nyuma ya nyumba kiko? Akasema, "Mimi sizunguki nyuma ya nyumba za watu. Uliza mwenye nyumba." Unamjua mama. Ukimvuta zaidi ya hapo anaanza kuimba wimbo wa kanisa.

Na mwenye nyumba sikumwuliza. Wewe uliniuliza swali moja la kitabu, mimi nilikuwa na swali moja la shamba, na nikaogopa kwamba majibu ni mamoja. Ndiyo maana ulisikia "kizuri".

Siku chache baadaye nikiwa kazini nilijaribu kitu. Nilitembea kwa mawazo kutoka stendi ya Mitunguu mpaka kwetu, nikisalimia kila boma kwa jina. Fundi wa baiskeli nilimpata. Wale mapacha wa duka la mbolea niliwapata, hata mbwa wao. Nikafika karibu na daraja la mfereji, kwa yule mama anayekaanga mandazi asubuhi, aliyetuletea uji Kendi alipozaliwa na akakataa kuondoka mpaka umalize. Jina lake halikuja. Nilipanga maboksi, nikarudi tena kuanzia stendi, nikafika darajani, halikuja. Niliona uso wake, niliona hata leso yake. Nikakumbuka chumvi ya mfalme, na ndani ya lile jaketi zito nikasikia baridi kweli.

Wiki hiyo hiyo msimamizi akapita na karatasi za kandarasi mpya. Nimeshatia sahihi mara mbili baada ya ile ya kwanza, na kila mara nilikuambia hii ndiyo ya mwisho, nikiamini. Safari hii nikamwambia hapana. Akauliza kama nimepata kazi kwingine. Nikamwambia nina kiazi nataka kwenda kukichimba. Kiingereza changu unakijua. Nadhani alielewa kwamba nakwenda kufungua biashara ya viazi, akanipa mkono na kunitakia heri.

Sasa umesikia. Ninakuja. Najua utauliza tutakula nini. Foklifti hata Meru mjini zipo, na ndizi za Mitunguu hazijahama. Mikono yangu bado inajua kukata mfereji, nikipewa siku mbili za kulalamika mgongo.

Na kwa kuwa ni wewe uliyeniuliza, acha nikujibu kama msomaji. Kitabu chako ni kikubwa kuliko neno nililokipa. Kule Tharani anapopanga vikombe viwili asubuhi, kisha akarudisha kimoja kabla mtoto hajaamka, nilimwomba Shabani asome tena, na Bahati hakulalamika. Wale wezi wa barafu wananitisha mpaka leo, na kila nikifungua mlango wa stoo nawafikiria. Lakini nina lalamiko moja. Kirema wako haongei. Kurasa na kurasa anafua vyuma na kusahau, anafua na kusahau, hata mdomo haufungui. Mwanamume anaweza kuwa mbali na bado ana la kusema, ila hajui aanzie wapi. Ungempa hata barua moja.

Msalimie mama, umwambie nimesikia alichosema na ni kweli nimekaa. Msalimie Kendi, mwambie amekuwa msomaji mzuri kuliko baba yake, na viatu nitavitafuta mwenyewe kila asubuhi. Wasalimie wazee wako Runyenjes, hasa baba, sitaki asikie habari hizi kwa watu wengine. Muthomi mwambie akutetee vizuri zaidi. Na yule mama wa mandazi pale darajani, msalimie, lakini usiniambie jina lake kwa simu. Nitapita kwake mimi mwenyewe. Bahati anakusalimu sana, anakuita shemeji, na anauliza kitabu cha pili kinatoka lini, maana yeye amebaki ng'ambo pamoja na Kirema na anataka kujua kama watu hutoka.

Limebaki la kiazi. Kama hujakichimba, kiache. Kama ulikichimba, sitakuuliza ni lini wala kwa nini. Mwanamke aliyekaa peke yake kiasi hicho ana njaa zake ambazo ndizi haziwezi. Ila kuna jambo baba yangu alinifundisha, na labda baba yako hakuwaambia wasichana wake. Kiazi kikuu hukatwa chini ya kichwa. Unachukua nyama yake, na kichwa unakirudisha kwenye shimo lile lile, na mvua ikinyesha kinapanda tena ule mti. Hakihitaji mbegu nyingine. Nimesoma ukurasa wako wa mwisho mara nyingi nikitafuta kama Tharani alikirudisha kichwa, na hukuandika kama alikirudisha au alikitupa.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma, nenda nyuma ya nyumba. Ukikuta kichwa bado kipo, hata kama kimekauka upande mmoja, kifunike udongo. Mvua za Oktoba zitanikuta nimefika. Jembe liache hapo hapo kwenye mkungugu, nitalikuta.

Mume wako,
Baba Kendi