Mlango Unaotekenya

Baba watoto,

Tu wazima, ila roho yangu haijatulia. Tangu walete laini mpya umeme haukatiki, cherehani yangu inaimba kutwa na wateja wameongezeka.

Lakini ule waya uliouunga kinyemela ili usipite kwenye mita umegusa mlango wa chuma. Enzi za mgao ulikuwa unapumzika. Sasa haulali, na swichi kubwa haiuzimi. Nikiita fundi wa shirika la umeme, atakushtaki.

Jana nilimkuta kitindamimba ameshika komeo, anacheka. "Mama, mlango unanitekenya."

Tangu hapo tunapitia dirishani kama wezi, na mawingu ya mvua yametanda. Nisamehe, fundi yuko njiani. Heri urudi unigombeze mbele ya watoto wote watatu.

Mkeo