Nyumba Yetu ya Bawshar

Maskati, Alhamisi, kwa barua pepe

Dada Muhsina,

Mhandisi wa serikali ametwambia leo kuwa nyumba yetu haikaliki tena. Mafuriko yamechimba msingi. Kaka Harub tulimzika Jumatatu.

Uliniandikia kuwa Wainuit, wenyeji wa nchi ya barafu unaowauguza huko Kanada, wamekaa pwani wanakopita sili, wanyama wa baharini wa kuwinda, na kila mtoto hufundishwa barafu ipi inambeba mtu. Baba alipotoka Unguja kuja huku Omani hakufundishwa kitu. Aliona bonde tambarare, lina udongo laini, akajenga, akapanda migomba. Wenyeji walikuwa wamejenga juu maweni. Jirani Muhanna alimwonya, "Shekhe, hapo maji hupita." Baba akacheka: "Maji gani, nchi kavu hii!"

Maji yalipoingia nyumbani, Harub alirudi ndani kumtoa Mama. Alimsukumia dirishani kwa majirani, mwenyewe hakuwahi kutoka.

Sasa Mama amerudi ghorofani mwa nyumba hiyo hiyo, hataki kuhama. "Mwanangu nimemwacha humu mara moja. Simwachi tena, nnakaa hapa hapa." Mke wangu Wadha alimfungia nguo za kuhamia, Mama akazifungua zote.

Wewe ndiye Mama anayekusikiliza. Mpigie haraka, tingatinga linakuja kubomoa Jumapili, saa mbili asubuhi.

Nduguyo,
Yaqdhan