Goli Ulilolinyamazia

Mjukuu wangu Neema,

Huku Heru Juu tu wazima. Bibi yako anapalilia maharage. Mimi nashindwa kutulia tangu uniulize kama uache kutangaza mpira, eti goli liliingia ukakosa la kusema.

Ujanani nilimtafsiria baba mpira wa redioni kwa Kiha, maana Kiswahili kilimpiga chenga. Betri tulizianika juani zipate nguvu. Siku moja ikapigwa penalti, nikasahau kutafsiri, nikamshika tu mkono. Nilipomwomba radhi alicheka: "Mwanangu, ulikaribia kunivunja vidole. Nilijua limeingia."

Juzi nilikuwa nazunguka uani, redio sikioni, ukanyamaza ghafla. Bibi yako akauliza, "Mbona kimya?"

Nikamwambia, "Limeingia!"

Babu yako