Koti Kavu la Goma la Tano

Jumapili, 16 Julai

Jonesboro, Arkansas. Tumefikia shule moja, watoto wamelala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo kama magunia yaliyoshushwa. Sisi wamama wa kutunza sare tuko kwenye trela letu nje, na feni inayopuliza moto. Sijali. Mwanangu anapiga goma la tano.

Niandike tena, maana hapa hakuna wa kuniambia nimeshasema: Raelyn wangu anapiga goma la tano la Wawasha Taa, kikosi cha magoma, tarumbeta na bendera kinachozunguka miji kiangazi chote kwa maonyesho ya uwanjani. Magoma yako matano. La kwanza ni dogo, la tano ni kubwa kuliko dirisha la jikoni kwangu. Analibeba kifuani, anakimbia nalo, anarudi nalo kinyumenyume bila kumkanyaga mtu. Leo kwenye foleni ya barafu nimemweleza mama mmoja wa kikosi kingine. Akasema wa kwake anapiga tarumbeta. Nikamwambia pole. Sikukusudia ubaya.

Katikati ya onyesho kuna mahali tarumbeta zote zinanyamaza, na magoma yanashuka kama mtu anayeteremka ngazi. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Kila mmoja pigo lake moja. La mwisho ndilo la Raelyn, na likilia bati la trela linatetemeka. Huku nyuma ya uwanja hatuoni kitu, lakini pigo lile nalijua kama kikohozi chake. Ofelia, mkuu wetu wa sare, mwanamke wa Laredo mwenye mdomo, huniambia, "Lorna, pigo lako limenimwagia kahawa tena."

Raelyn ana miaka ishirini na moja. Kwa sheria zao huu ndio msimu wake wa mwisho. Ukiisha umeisha, awe hodari awe nani.

Nyasi za viwanja zinamwasha macho na pua, na sakafuni hapati usingizi. Nampa vidonge vyangu vya mafua, asubuhi na usiku. Analala kama jiwe. Baba yake aliniuliza kwenye simu nani anamtunza mtoto huko. Nikamwambia, Verlin, uliza jingine.

Jumanne, 18 Julai

Joto gani hili. Lami ya maegesho inang'ang'ania viatu. Kijana mmoja wa kurusha bendera ameanguka kwenye mazoezi ya mchana, wakamwekea barafu kwapani na shingoni, akaamka anaulizia fimbo yake. Wakamketisha kivulini siku nzima. Alilia kuliko alipoanguka.

Wangu hakuanguka.

Onyesho la jioni lilikuwa zuri, watu walisimama. Halafu makoti yakaanza kuja. Kazi yetu iko hivi: koti linavuliwa, linageuzwa ndani nje, tunalinyunyizia vodka ya bei rahisi iliyotiwa maji ili kuua harufu, tunalitundika kwa namba yake. Ofelia husema makoti haya yanakunywa kuliko marehemu mume wake, na hayamtukani. Yanakuja yamelowa, mazito, unadhani yamefuliwa. Ila la Raelyn. Koti la Raelyn limekuja kavu! Nikalinyanyua juu wamama wote walione. Nikasema, tazameni, goma la tano, joto hili, na hakuna tone. Ndio damu ya kwetu hiyo, babu yake alikuwa akifua chuma na shati lake jeupe.

Wamama wakacheka. Ofelia hakucheka. Alilipapasa mgongoni, akalipapasa kwapani, akalitundika. Akasema, "Kavu kweli."

Raelyn alipita kuniaga. Uso mwekundu kama amepakwa rangi. Macaroni hakumaliza, na macaroni ndiyo chakula chake tangu utoto. Nikamuuliza vipi. "Kichwa tu, Mama." Nikampa vidonge vyake akalale.

Alhamisi, 20 Julai

Tupelo, Mississippi. Kavu tena.

Safari hii sikulinyanyua. Ofelia alilipokea mwenyewe, akaniita nyuma ya trela, kwenye jenereta, wengine wasisikie.

"Huyu mtoto anameza nini?"

"Hamezi kitu. Vidonge vya mafua tu, vyangu."

Akafunga macho kidogo. Akanisimulia habari za kaka yake Rogelio, aliyekuwa akimwaga lami juu ya mapaa huko kwao. Mwezi huohuo wa saba. Alikuwa na mafua, akameza vidonge vya dukani kama hivyo, akapanda juu kufanya kazi. Wenzake wakamtania kwamba leo bwana mkubwa hata shati halijalowa. Daktari baadaye ndiye aliyewaambia kuwa dawa zile zinaweza kuziba jasho, na mwili usiotoka jasho unajipika.

Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Akachukua chupa yake ya vodka akarudi kwenye makoti.

Nikamfuata Raelyn kwenye basi. Yuko na Desmond wa goma la nne, wanapigapiga migongo ya viti kwa vidole. Nikamwambia Desmond atupishe.

"Tangu lini hutoki jasho?"

"Mama, watu wananunua dawa ya kwapa wasitoke jasho. Mimi nimeipata bure, unanigombeza."

"Twende kwa mtu wa afya."

Hapo akaacha kucheka. Akasema nikimpeleka kwa mtu wa afya atawekwa benchi, na Brandt, mwalimu wa ngoma, atapanga upya mstari, na Jumamosi baba na bibi wanakuja kutoka kwetu Muncie, watatazama nyasi tupu bila yeye. "Na pigo la tano nani apige? Pengo la tarumbeta unaweza kulificha. Pengo la goma la tano hata kiziwi analisikia."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto, na mkavu kama karatasi.

Tumekubaliana. Kopo la vidonge nimelichukua, liko kwenye mkoba wangu. Atakunywa maji mbele yangu. Na koti likija kavu mara moja tu zaidi, nakwenda kwa mtu wa afya mwenyewe, apende asipende. Akasema, "Sawa, bosi." Akanibusu shavuni. Midomo imepasuka.

Nimekaa hapa najiuliza kama nimefanya vizuri. Nadhani nimefanya vizuri. Yeye si mtoto mdogo.

Ijumaa, 21 Julai

Limelowa! Chepechepe! Koti la Raelyn limekuja linadondosha maji mpaka kwenye kiatu changu, sijawahi kufurahia uchafu hivi. Nilimkumbatia Ofelia na makoti yake. Akalinusa, akasema, "Mtoto wako hata jasho lake halinuki. Kweli nyinyi ni damu nyingine." Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Ni vile vidonge tu. Nimempigia Verlin kumwambia waje na zile fulana walizochapisha. Kesho ni mji wa Bowling Green. Nalala na moyo mweupe.

Jumamosi, 22 Julai

Asubuhi

Siku ya kunyoosha. Tunatoa makoti yote nje juani kabla ya kupiga pasi. Ni makoti ya buluu nzito, na jasho likikauka linaacha chumvi, mistari myeupe kwapani na mgongoni, kama maji ya ziwa yanavyoacha alama ukingoni. Kila koti lina yake. La Desmond limejaa mpaka kiunoni. Tunayasugua kwa brashi, moja baada ya jingine, tunapiga soga.

Nikafika la Raelyn.

Buluu tupu. Kama limetoka dukani.

Nililigeuza ndani nje. Nikalipeleka kwenye mwanga. Nikalamba ukosi, sijali nani ameona. Halina chumvi. Lina ladha ya kitambaa.

Amejimwagia maji ya chupa. Alijua nitapima koti, akanipa nilichotaka.

Nimekwenda uwanja wa mazoezi, wa magoma wameshaondoka kwenda kupiga kwingine. Simu yake iko kwenye basi. Kijana wa getini akaniambia, "Mama Lorna, ukiwa na haraka mwambie Brandt." Brandt alikuwa juu ya mnara wa kuangalizia, ana kipaza sauti, anawapanga waliobaki. Nikasimama chini. Nikaona nitamwambiaje, kwa kelele, mbele ya watoto wote. Nikasema nitaongea na Raelyn kwanza. Yeye kwanza.

Jioni

Verlin amefika, na mama yake, na majirani wetu wawili. Wote wamevaa fulana za manjano, GOMA LA TANO NI LETU. Bibi ameletewa mto wa kukalia. Kila anayepita anamwambia, "Yule ni mjukuu wangu," na Raelyn hata hajatokea. Sikumwambia Verlin. Alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Nimempata Raelyn kwenye maegesho wakati wa kuvaa. Koti linafungwa zipu mgongoni, mtu hawezi kujivalisha. Siku zote Desmond ndiye humfunga. Leo alinipa mgongo mimi.

"Nifunge wewe, Mama. Baba yuko hapa na wote."

Nikamwambia nimelamba koti. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka upesi upesi, kama ya ndege ukimshika.

"Dakika kumi na mbili tu," akasema. "Onyesho ni dakika kumi na mbili, halafu nitakwenda kwa mtu wa afya na miguu yangu. Naapa."

"Na vidonge?"

"Vinauzwa kila kituo cha mafuta, Mama."

Hakuwa na ukali. Alisema kama ananihurumia. Niligusa shingo yake chini ya nywele. Nimepiga pasi maisha yangu yote, najua chuma kikiwa tayari. Jua lilikuwa bado kali, na wenzake wote wanang'aa kwa jasho. Yeye ana vumbi.

Nilitazama jukwaani. Zile fulana za manjano zinaonekana kutoka mbali.

Nikafunga zipu.

Alinigeukia akataka kusema kitu, akaniita Bibi, akacheka, akasema, "Mama, Mama." Desmond akamvika mikanda ya goma mabegani. Aliyumba hatua moja. Halafu wakaondoka kwa mstari, la kwanza mpaka la tano, na yeye wa mwisho, mgongo umenyooka. Hakuna anayenyoosha mgongo kama yeye.

Nimerudi kwenye trela. Ofelia alikuwa anachanganya vodka na maji. Nikamweleza ya chumvi, ya shingo, ya kuniita Bibi.

"Umemfunga zipu?"

"Nimemfunga."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliangusha ndoo akakimbia kwenda getini, na magoti yake yale mabovu, anamwita mtu wa afya kwa jina. Lakini geti lilishafungwa, kikosi kilishaingia. Namsikia mtangazaji anataja Wawasha Taa. Namsikia Verlin, naapa ni yeye, ule mluzi wake wa vidole viwili.

Wameanza. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya trela na daftari. Naandika ili mkono ushike kitu. Ningekwenda, lakini geti limefungwa. Tarumbeta zinalia vizuri. Zinalia vizuri sana. Ofelia bado hajarudi. Hili ni lile la taratibu. Sasa bendera, najua kwa makofi. Sasa tarumbeta zinapanda, zikimaliza hapa zinanyamaza.

Zimenyamaza.

Nimeweka kiganja kwenye bati.

La kwanza. La pili. La tatu. La nne —

Bati limetulia.